Chesi Kwanza, Halwa Baadaye

Siku yangu ya kwanza kazini Nizwa nilipewa kitambaa, nikaambiwa nifute gari ambayo kwa macho yangu ilikuwa safi. Nikafuta, nikarudia kufuta. Bati la karakana lilikuwa likialika kwa jua. Nilipomaliza akaja mtu mzima, ovaroli ya buluu, kofia nyeupe ya viua kichwani, akapitisha kidole ndani ya ukingo wa mlango, kwa chini, pahala ambapo jicho halifiki. Akanionyesha. Kidole cheusi tititi.

"Hii umeifuta au umeibembeleza?"

Kwa Kiswahili! Na Kiswahili chenyewe cha Mjini Unguja, cha mtaa wa Malindi khasa, kama mtu aliyetoka barazani sasa hivi. Mimi nilikuwa na miezi miwili tu tangu nije Oman kutoka Unguja. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Msahafu. Ukinipeleka sokoni kununua kitunguu nanyoosha kidole. Nilikaribia kulia kwa furaha, lakini kile kidole kilikuwa bado kimesimama mbele ya pua yangu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa rudia."

Huyo ndiye Usta Haji. Usta tulimwita kwa cheo, maana alikuwa mkuu wa mafundi wote wa tawi la Nizwa, na kila ninachojua kuhusu gari nimekipata kwake. Skuli mimi nilikwenda miaka mitatu, wa nne nikakimbia. Sababu yake ni mwalimu mmoja na mkwaju wake, lakini hayo si ya hapa. Nayasema ili anayesoma ajue kwamba anayeandika si msomi. Daftari zangu zote za kazi niliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na karani ndiye aliyezigeuza zikawa ripoti.

Sasa niwaeleze hizo gari, kwa sababu vijana wanaziona kwenye maonyesho wanadhani zilitoka kiwandani vile.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Wakala wetu, ambaye jina lake silitaji, alikuwa akileta gari za Kimarekani za milango miwili, ndefu mbele, fupi nyuma, silinda nane. Gari za nguvu. Ukiikanyaga, shingo inabaki nyuma, roho inakwenda mbele. Lakini niambie, utaikanyaga wapi? Lami yenyewe ilikuwa ndo kwanza inatandikwa, kwengine kote changarawe, na kila baada ya mwendo mdogo njia inashuka kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu, mawe kama vichwa vya watu. Gari zile zikija hapa zilikuwa zinachemka, zinavunja springi, zinakwaruza tumbo. Watu wakizitamani, wakizinunua, wakizilaani.

Mudir wa tawi la Nizwa alikuwa mtu wa Bahla, wazee wake wafinyanzi. Yeye ndiye aliyefikiri. Alikuwa akisema, "Mtungi mzuri si wa rangi, ni ule usiovuja." Akamwita Usta Haji wakakaa siku nzima na kahawa, na kilichotoka pale ni hiki: gari ikifika, kabla haijauzwa, tunaing'oa injini yake tunatia kubwa zaidi, ya ile gari ya familia ya kampuni hiyohiyo. Tunatia rejeta ya lori ili isichemke. Springi nene nyuma, inyanyuke. Difu ya pikapu, yaani lile bonge la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma, maana la asili lilikuwa likikatika meno kwenye wadi. Kisha ndani ya boneti tunapiga kibao kidogo cha shaba chenye namba. Watu wakaziita Fahadi. Zilitengenezwa tisa, basi. Mimi nilipoajiriwa walikuwa wanamaliza ya saba.

Lifahamuni hili vizuri: kiwandani kwao Marekani hawajui kwamba Fahadi zipo. Makaratasi ya kiwanda yanasema injini ndogo, difu ndogo. Kwa hivyo ukitaka kujua Fahadi ni ya kweli, karatasi ya kiwanda haikusaidii kitu. Ilikuwamo daftari ya karakana, imeandikwa kila namba na mnunuzi wake, lakini mwaka mmoja wadi ilishuka kwa nguvu, maji yakaingia mpaka ofisini, daftari ikaondoka na viti vitatu na mbuzi wa mlinzi. Mbuzi alipatikana.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Injini kubwa ilikuja na gia boksi yake kubwa, na mkono wa gia ulitokezea pengine, siyo pale pa asili. Ikabidi kukata bati la sakafu, na kapeti juu yake, kisha kutia kiatu kipya cha ngozi kuzunguka mkono wa gia ili vumbi lisiingie. Kiatu hicho Usta Haji alikishona mwenyewe, kwa mkono, na ukingo wake akaushonea kwenye kapeti. Kwao Malindi, kabla hajashika spana, alikuwa mshona kofia, na alikishona kwa mshono wa kofia ya viua: vitundu vidogo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kama jicho la ndege. Na hakushona upande wa juu. Upande wa juu aliacha ngozi tupu. Mshono ulikuwa chini, unaotazama bati.

Mafundi wa Nizwa walikuwa wakimcheka. Kwao kofia hushonwa na wanawake. Mmoja akamwambia, "Usta, ukimaliza hiyo nidarizie na mto."

"Mto wa nini, na kichwa huna?" akajibu, hata macho hakuinua.

Nilimuuliza kwa nini anauficha mshono mzuri vile. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Mwongo ni mvivu, Seif. Kinachoonekana atakiiga, kisichoonekana atakiacha. Weye alama yako iweke pahala ambapo mvivu hainami."

Siku ya Idi ya mwaka ule akanipa kofia aliyonishonea yeye. Ninayo mpaka leo.

Baada ya miaka, Usta Haji akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akazikwa Nizwa. Mudir wa Bahla akastaafu, na kumbukumbu zikamtoka, akawa anamwita kila mtu Haji. Na hapo ndipo Fahadi zilipoanza kuzaana. Kila mwenye gari ya milango miwili akatafuta injini kubwa, akakata sakafu, akapiga kibao cha shaba. Zilikuwa tisa, nikasikia ziko kumi na sita. Wenye gari za kweli wakalalamika. Makao makuu wakauliza, nani aliyebaki katika waliofanya kazi na Usta? Nimebaki mimi, mfuta gari. Wakanipa muhuri na cheo cha mkaguzi, nikawa nazunguka mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya yote, gari naikagua, natoa waraka wenye saini yangu kwamba hii ni asli au si asli.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza namba ya chesi, iliyogongwa kwenye mwili wa gari, nailinganisha na mulkiya, ile kadi ya umiliki. Pili namba ya injini. Tatu rejeta, vishikizo vyake Usta alivichomelea kwa mkono wa kushoto, mchomo unalala upande wake. Hayo kufikia mwisho waigaji walikwisha yajua. Nne kibao cha shaba. Mtu mmoja wa Izki alitengeneza kibao kipya akakizika katika samadi ya ng'ombe wiki tatu kipate uzee. Nilikinusa tu. Nikamwambia, "Ami yangu, shaba hii haijazeeka, imekanyagwa na ng'ombe." Naye muungwana, akacheka mpaka akakaa chini. Na tano, ya mwisho, ambayo sikumwambia mtu: kufungua skurubu nne za kiatu cha gia, kunyanyua kapeti, na kukitazama kiatu kwa chini.

Nikapata jina. Nilikuwa nikiingia Sur, nikiingia Bahla, watu wananiita Fundi Seif, jamaa wa Fahadi. Na jina, wanangu, ni kama mafuta ya injini: likikaa sana bila kubadilishwa linakuwa tope. Ndo yakanifika ya Sur.

Kulikuwa na Bwana Nasor, mwenye kiwanda cha barafu, mtu wa watu, mkarimu. Alinunua Fahadi kwa dalali wa mbali, kibao namba nne, akaniomba nikaitazame. Nilifika karibu na adhuhuri, tukasali, na ugeni wa Sur mnaujua: habari, kisha habari ya habari, kisha mkeka. Nguru mzima juu ya wali. Halwa ya moto bado inanyoosha uzi. Kahawa. Baba yake yupo, majirani wamekuja, kila mmoja ananisogezea mnofu bora wa samaki mbele yangu. Ndipo tukainuka kwenda kuitazama gari.

Chesi na mulkiya, sawasawa. Injini, sawa. Rejeta, mchomo umelala kushoto. Kibao, kizuri. Ikabaki ya tano. Kapeti ilikuwa mpya, rangi ya maziwa, ameitandikia plastiki. Mzee wake amesimama pale na fimbo, anatabasamu. Vidole vyangu bado vinanuka zaafarani ya halwa yake. Nikafikiri, nitamvuliaje mtu kapeti ya gari yake mbele ya baba yake, nami wali wake uko tumboni? Ilikuwa kama kula kwa mtu kisha kumpekua mifuko. Nikaona haya. Nikatia saini.

Nasema wazi kwa sababu nimeshazeeka: sikusahau. Nilikumbuka, nikaona haya.

Haikupita muda mrefu nikahamishiwa tawi la Ibra. Mudir wa Ibra alizaliwa Tabora, wazee wake walikuwa na maduka huko. Kiswahili chake cha bara, kina ripoti na fainali na kila kitu, nami nilikuwa nikimtania, naye akinitania. Asubuhi moja akaniita ofisini, lakini hakutania.

"Bwana Seif, kaa. Fahadi namba nne ngapi zilitengenezwa?"

"Moja, Mudir. Namba moja, gari moja."

"Basi kuna tatizo. Ziko mbili. Moja iko Sur, ina waraka wako. Nyingine iko hapahapa Ibra, imekaa nyumba ya marehemu Khalfan."

Marehemu Khalfan nilimjua kwa sifa. Alikuwa ametoka Unguja kama sisi, mwenye duka la vitambaa, na kweli alikuwa mtu wa kujisifu. Akikukuta njiani anakufungulia boneti ukitazame kibao hutaki unataka. Nadhani ndivyo kilivyoigwa. Tangu waraka wangu wa Sur ujulikane, Ibra nzima ilisema Khalfan alikuwa mwongo, aliweka kibao cha bandia akatembea nacho miaka. Walimpa jina kaburini: Khalfan wa Bati. Vijana sokoni wakipita karibu na gari wanaigonga boneti kwa kucha, ting ting, wanacheka. Mjane wake, Bi Zuwena, aliacha kwenda arusini. Mwanawe, Salum, alikuwa anataka kuiuza gari kwa wanunua vyuma ili jambo liishe.

Mudir akanitazama. "Ukienda ukasema ya Ibra ndiyo asli, umejikana mwenyewe. Makao makuu wataniuliza, huyu mkaguzi gani hajui alichotia saini? Sitaweza kukutetea."

"Na nikisema ya Ibra si asli?"

"Watu wote watalala."

Watu wote, nikasema moyoni, na Khalfan naye amelala, hana wa kumwamsha.

Nilikwenda Ibra juu, kule nyumba za mawe na mitende, tumbo tupu tangu alfajiri. Nilikwisha jiwekea nadhiri: siingizi kitu mdomoni mpaka nimalize. Salum akanipokea mlangoni, kijana wa watu, uso umemkunjamana. Akasema karibu kahawa. Nikasema, "Chesi kwanza." Mnajua kwetu kumkatalia mtu kahawa ni nini. Uso wake ukazidi kukunjamana. Akadhani nimekuja na hukumu yangu tayari mfukoni.

Bi Zuwena alikuwa ndani, nyuma ya pazia, lakini sauti yake haikuwa na pazia. "Nani huyo asotaka kahawa yangu?"

"Mkaguzi, mama."

"Mwambie hata Malaika wa kutoa roho akija hapa atakunywa kikombe."

Nikainama. Chesi sawa. Injini sawa. Rejeta sawa. Kibao kimelika kwa kupanguswa sana, na hilo peke yake lilinipa matumaini, maana kibao cha mwongo hakipanguswi hivyo. Nikafungua skurubu nne, nikanyanyua kapeti, nikalala kifudifudi na tochi.

Kiatu cha gia kilikuwa kimeshonwa kwa cherehani. Mshono ulionyooka, wa kawaida, kama wa begi la skuli.

Jasho linanidondoka kwenye bati. Na nitawaambia lililonipitia, kwa sababu kumbukumbu isiyo na aibu ndani yake ni tangazo la duka. Nilifurahi. Nilisema, alhamdulillahi, Khalfan alikuwa mwongo kweli, saini yangu ya Sur iko salama, nirudi zangu. Nikakusanya zana. Nikamwambia Salum, "Mwanangu, pole." Alikaa kwenye ngazi ya mlango akawa anatazama mikono yake.

Pazia likafunguka nusu. Mkono wa Bi Zuwena ukatoa sinia: dele la kahawa, vikombe, sahani ya halwa. "Weka hapo chini, Salum. Amemaliza kazi, sasa atakunywa, na kama ana la kusema juu ya mume wangu aliseme kwa kinywa chenye kahawa yangu."

Salum akatandika kitu chini ya dele, maana lilikuwa la moto. Kitu cheusi, cha duara, kama kipande cha kandambili kuukuu. Akaweka dele juu yake. Nikachukua kikombe, na macho yangu yakashuka kwenye ukingo wa kile kipande.

Vitundu vidogo vidogo. Vimezungushiwa uzi. Kama macho ya ndege.

Nikaweka kikombe chini. "Bi Zuwena, hii ngozi chini ya dele ni ya nini?"

"Hiyo? Si ya hiyo gari yenu! Ilipokuja siku ya kwanza, mavyaa, mama yake Khalfan, akasema gari haiingii nyumbani bila kufukizwa, ina macho ya watu. Akatia chetezo ndani, udi na ubani, akakiweka pale kati penye ule mkono wa kuvuta, akafunga milango. Akasahau! Kashughulika na mbuzi wa sadaka. Kuja kufungua, ngozi inaungua, kapeti inaungua, moshi utadhani Jahannamu. Marehemu alitaka kulia. Akapeleka kwa fundi wa viti wa hapa kutia mpya. Mie nikaiokota hiyo ngozi, nene nzuri, haipitishi moto, nikatia chini ya dele. Iko hapo tangu siku hiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza! Umeingia nyumba ya watu hukunywa, hukuuliza, ukajilaza chini ya gari kama mjusi. Nikwambie nini?"

Salum akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka.

Nikavua kofia yangu, ile aliyonishonea Usta, nikaigeuza nje ndani, nikaiweka sakafuni pembeni ya ile ngozi. Mshono kwa mshono. Mkono mmoja. Tukaichukua ngozi mpaka kwenye gari, Salum na mimi, tukaiweka juu ya sakafu: matundu manne ya skurubu yakakaa juu ya matundu manne, na pale ilipoungua, bati lenyewe chini yake lilikuwa na duara la kijivu ambalo mwanzo nililidhani kutu, ukubwa wa kitako cha chetezo. Bi Zuwena alikuja mpaka mlangoni na kanga yake usoni akatazama. Alisema, "Khalfan alikuwa na maneno mengi. Lakini ya uongo hakuwa nayo."

Kesho yake nikaenda Sur. Njia nzima nilikuwa nikisoma dua kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Bwana Nasor akanipokea kwa mikono miwili, mkeka umekwisha tandikwa. Nikasimama mlangoni.

"Bwana Nasor, niwie radhi. Leo sili. Naomba kwanza niivue kapeti."

Akaniangalia. "Ulikula hapa ukatia saini. Leo umekuja kuitapika?"

"Ndiyo," nikasema.

Mzee wake, yule wa fimbo, ndiye aliyesema, "Mwacheni." Nikafungua skurubu nne mbele yao wote, nikainua kapeti rangi ya maziwa, nikawaonyesha kiatu kilichoshonwa kwa cherehani, na kapeti ya asili chini yake haina hata tundu moja la sindano ya mkono. Nikawapa kofia yangu waitazame. Ikapita mkono kwa mkono, wavuvi na wauza barafu, wanageuza kofia ya mtu ndani nje. Nikawaambia namba nne ya kweli iko Ibra kwa marehemu Khalfan, na kosa si la Bwana Nasor, amedanganywa na dalali, nami nikaupa uongo muhuri kwa kuona haya.

Bwana Nasor akanirudishia kofia. Kisha akaingia ndani, akatoka na waraka wangu na bisibisi. Akaking'oa kile kibao cha shaba mwenyewe. Akasema, "Twende Ibra. Kama umekosea kwa saini, utasahihisha kwa mdomo."

Tukaenda. Sabla ya mtaa wa Khalfan, ile baraza ya wanaume ambako mambo yote ya mtaa husemwa, ilikuwa imejaa. Nikasimama. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa kimeshapona. Nikasema, "Mimi Seif, mkaguzi. Namba nne ni ya Khalfan, Mungu amrehemu. Ile niliyoiandika Sur si asli. Aliyekosea ni mimi, sikuinama." Bwana Nasor akakiweka kibao cha bandia mkononi mwa Salum mbele ya watu, akampa mkono. Wale vijana wa ting ting walikuwapo nyuma kabisa, na hakuna aliyecheka. Ikaja sinia kutoka nyumbani kwa Bi Zuwena, halwa, na salamu kwa mdomo wa Salum: "Mama anasema mkaguzi sasa ale." Nikala. Wallahi sijapata kula halwa kama ile.

Makao makuu hawakuila. Walinivua muhuri, nikarudishwa karakana ya Nizwa chini ya mkuu wa mafundi mpya, kijana, nikapewa kitambaa. Nikafuta gari. Nilizifuta mpaka ndani ya ukingo wa mlango, kwa chini. Mudir wa Ibra alikuwa akinipigia simu kunicheka, "Bwana Seif, ripoti ya leo?" nami namwambia, "Safi, fainali." Lakini wenye Fahadi walikataa mkaguzi mwengine. Wakisema, tunamtaka yule aliyejikana mwenyewe, huyo hatadanganya hata kwa ajili yetu. Muhuri ukarudi. Nilifanya kazi hiyo mpaka kustaafu, na katika nyumba zote nilizoingia tangu siku ile nilikuwa na kanuni mbili: chesi kwanza, halwa baadaye, na kabla ya kuondoka, muulize mama wa nyumba. Fahadi tisa zote nimezipata. Mbili zimekufa, moja imekuwa banda la kuku karibu na Bahla, sita ziko hai. Hakuna aliyepata kunirekebisha tena.

Ukutani kwangu sikutundika hati ya shukrani niliyopewa na makao makuu. Nimetundika ule waraka wa Sur, Bwana Nasor alinirudishia, umepigwa mstari. Wageni huniuliza kwa nini naonyesha kosa langu. Nawaambia nyaraka nyingine zote nilizitia saini sawasawa kwa sababu ya huo.

Sasa nina sukari, halwa daktari amenikataza. Magoti nayo hayataki kuingia chini ya gari. Bi Zuwena alitutangulia, na ile ngozi iko kwa Salum, chini ya dele mpaka leo, hajakubali kuitoa. Kila Idi huja kuniamkia na namba nne, honi tangu njia panda, mtaa wote unajua. Nami hutoka na fimbo, taratibu, simwambii karibu kwanza. Napitisha kidole ndani ya ukingo wa mlango, kwa chini.

Idi iliyopita kilitoka cheupe.

"Haya," nikamwambia, "ingia ndani, kahawa iko tayari."